Baharia aliyempiga nahodha: melodrama ya London katika koloni la wafungwa

Tarehe 26 Desemba 1832 watu wa Sydney walijazana katika ukumbi wa Royal Hotel, barabara ya George, kutazama tamthilia iliyokuwa imetikisa London miaka mitatu nyuma yake. Barnett Levey, mfanyabiashara aliyeianzisha hoteli hiyo, alikuwa amejenga jukwaa la muda humo ndani. Usiku huo ilichezwa Black-Eyed Susan ya Douglas Jerrold, na baada yake kichekesho kiitwacho Monsieur Tonson, ili watu warudi makwao wakicheka. Maonyesho yalikuwepo kabla ya hapo. Wafungwa wenyewe walicheza tamthilia mwezi Juni 1789, mwaka mmoja na nusu tu baada ya meli za kwanza kutia nanga. Lakini usiku wa Levey ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa uigizaji wa kulipwa uliodumu katika mji huo.

Sasa tazama fumbo. Black-Eyed Susan ni kisa cha baharia wa jeshi anayempiga nahodha wake kwa upanga, na watazamaji wanamshangilia. New South Wales, koloni ambalo Sydney ilikuwa mji wake mkuu, wakati ule ilikuwa na wakazi karibu elfu 60 kwa hesabu ya serikali, ambayo haikuwajumuisha wenyeji wa ardhi ile, na zaidi ya theluthi yao walikuwa wafungwa waliohamishwa kutoka Uingereza na Ireland. Gavana alikuwa jenerali. Askari walikuwa kila kona, na kumpinga mkubwa ni kosa lililolipwa kwa mjeledi. Ilikuwaje serikali ya namna hiyo itie saini leseni ya kisa cha namna hiyo?

Mtu anaweza kudhani wakubwa hawakujali burudani. Walijali mno. Gavana Ralph Darling alimnyima Levey leseni ya tamthilia kwa miaka kadhaa, na mwaka 1828 ikapitishwa sheria iliyodai kibali cha Katibu wa Koloni kwa kila mahali pa maonyesho ya umma. Levey, Myahudi wa London aliyekuja 1821 akiwa mtu huru kumfuata kaka yake aliyeletwa kama mfungwa na kutajirika, hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliwahi kugombana na serikali hiyohiyo kwa kusimamisha kinu cha upepo juu ya jengo lake. Alichopata kwa Darling ni ruhusa ya dansi na matamasha, basi. Ilibidi asubiri Darling aondoke mwaka 1831 na Richard Bourke ashike nafasi. Bourke alitoa leseni, kwa masharti: zichezwe tamthilia ambazo mkaguzi wa kifalme kule London alikwisha kuzipitisha, na mfungwa asikanyage jukwaani.

Kwa hiyo saini ilitolewa na watu waliokuwa na hofu ya jukwaa. Kuelewa kwa nini hofu hiyo haikuiangukia Black-Eyed Susan, lazima tukifuate kisa mpaka mwisho, kwa sababu siri yake yote iko katika dakika tano za mwisho.

Tuko Deal, mji wa pwani ya Kent, mahali ambapo meli za kivita zilikuwa zikitia nanga. Susan ni mke wa William, baharia aliye safarini. Mjomba wake Susan, Doggrass, ana mali na hana huruma. Anatuma dalali akamate vyombo vya bibi kizee anayemhifadhi Susan, kwa sababu ya kodi. Mfanyamagendo mmoja, Hatchet, anamtamani Susan, na anapanga aletewe habari ya uongo kwamba mumewe amezama. William anarejea akiwa mzima, uongo unafichuka, wafanyamagendo wanatiwa mbaroni. Hapo kisa kingeweza kuishia. Lakini Crosstree, nahodha wa William, amemwona Susan na hawezi kumsahau. Siku moja, amelewa, anamkuta na kumshika kwa nguvu. Susan anapiga kelele. William anakimbilia sauti, anamwona mwanamume aliyempa mgongo, anachomoa upanga na kupiga. Mtu anaanguka. Ni nahodha.

Kwa sheria za jeshi la majini, adhabu ya kumpiga mkubwa wako ni kifo. Mahakama ya kijeshi inakaa ndani ya meli, Admirali kwenye kiti chake. William anakiri kosa. Wenzake wanasimama mmoja mmoja kueleza tabia yake njema, na inajulikana kwamba aliwahi kuokoa maisha ya nahodha huyohuyo. Haisaidii kitu. Hukumu ni kunyongwa kwenye foromali, lile boriti la mlingoti linalobeba tanga. William anagawa vitu vyake vidogo kwa marafiki, anaagana na mkewe, anapandishwa sitahani, kamba iko tayari. Wakati huo Crosstree anaingia mbio akiwa na karatasi mkononi. Yeye mwenyewe, kwa kushukuru kuokolewa, alikuwa amemwombea William barua ya kuachishwa utumishi. Barua ilikwisha kutoka. Doggrass aliificha kwa roho mbaya, kisha akafa maji, na karatasi ikakutwa kwenye maiti yake. Tarehe iliyoandikwa ni ya kabla ya tukio. Maana yake ni kwamba William alipoinua upanga hakuwa tena baharia wa mfalme, na aliyempiga hakuwa mkubwa wake. Kosa halikuwepo.

Tafakari kile ambacho tamthilia hii haikusema. Haikusema mume ana haki ya kumpiga ofisa anayemdhalilisha mkewe. Haikusema sheria ya kunyonga ni mbaya. Admirali hapindi kifungu hata kimoja, na Crosstree haadhibiwi kwa alichomfanyia Susan. Hilo ndilo linalonikera kila ninapokifikiria kisa hiki, maana nahodha anaishia kushangiliwa kama mwokozi. Sheria imebaki imesimama wima, kilichobadilika ni hadhi ya mtu mmoja kwenye karatasi. Hakimu aliyekaa kwenye viti vya bei ya juu na mfungwa wa zamani aliyebanana kwenye roshani waliweza kupiga makofi sekunde ileile, kila mmoja kwa sababu zake.

Aina hii ya tamthilia ilitoka wapi? Watu wengi wakisikia melodrama wanafikiria vilio vya kupitiliza na mwovu mwenye sharubu. Mzizi wake ni sheria. Mwaka 1737 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoacha tamthilia za mazungumzo matupu mikononi mwa kumbi mbili za London zenye hati ya kifalme, Drury Lane na Covent Garden. Kumbi nyingine zilizoota baadaye zilijikuta haziwezi kucheza tamthilia kama tamthilia. Zikatafuta mwanya: tia muziki, tia dansi, tia ishara za mikono, farasi, moto, meli, mpaka asitokee mtu wa kudai kwamba hayo ni mazungumzo matupu. Kutoka Ufaransa ukaja mtindo uliokwisha kuiva baada ya Mapinduzi, na mwaka 1802 Thomas Holcroft akaingiza Covent Garden tafsiri yake, A Tale of Mystery, tamthilia ya kwanza ya Kiingereza kubeba jina la melodrama. Ajabu ni kwamba kumbi kubwa zenyewe zilianza kuwaiga wale waliokuwa wakizikwepa.

Muziki, basi, ulikuwa kazini muda wote. Mwovu akiingia, nyuzi za fidla zinatetema. Msichana akibaki peke yake, filimbi. Kwenye kilele cha tendo waigizaji wote wanaganda kama picha, muziki unapigwa kwa nguvu, pazia linashuka. Mtazamaji asiyesikia neno hata moja kwa kelele za jirani zake bado alijua nani mwema, nani mbaya na hatari imefika wapi. Msomaji aliyekulia Unguja, Mombasa au Dar es Salaam akitazama sinema za Kihindi anaujua mtindo huu vizuri bila kuambiwa jina lake, na undugu huo ni wa kweli. Vikundi vya tamthilia vya Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, wa Bombay vilichukua mbinu na mitambo ya melodrama ya Kiingereza katika karne ya 19, vikaichanganya na nyimbo na visa vyao, na filamu za Kihindi zikarithi kutoka kwao.

Jerrold alimwandikia Black-Eyed Susan meneja wa Surrey Theatre, ukumbi wa upande wa kusini wa mto Thames, kwa watu wa bandarini na wafanyakazi. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa jeshini majini akiwa mvulana, na mijeledi aliiona kwa macho yake. Ilifunguliwa Juni 1829. Mwigizaji wa William, T. P. Cooke, alikuwa baharia kweli kabla ya kuwa mwigizaji, na kabla ya mwaka kwisha tamthilia ilihamia Covent Garden. Victoria hakukalia kiti cha enzi mpaka 1837, lakini tunapotaja melodrama ya enzi ya Victoria tunataja mtambo huu hasa, ambao ulikuwa tayari umekamilika.

Sasa turudi kwenye koloni, kwa sababu huko mwisho wa aina hii ulikuwa na uzito ambao London haikuwa nao. Koloni zima liliendeshwa kwa karatasi. Mfungwa wa miaka 7 aliyekaa bila makosa aliweza kuomba tiketi ya ruhusa baada ya miaka 4. Wa miaka 14 alisubiri 6, wa maisha 8. Tiketi hiyo ilimruhusu kujifanyia kazi zake mwenyewe na kulipwa, lakini ndani ya wilaya iliyotajwa tu. Iliandikwa jina lake, meli iliyomleta, mwaka, alikozaliwa, kazi yake, urefu wake, rangi ya ngozi, nywele na macho. Akitaka kuvuka wilaya, alihitaji kibali kingine. Akimaliza kifungo, alihitaji cheti cha uhuru, na asipokuwa nacho mkononi, konstebo yeyote aliweza kumtia ndani mpaka ithibitike yeye ni nani. Juu ya hizo kulikuwa na msamaha wenye masharti na msamaha kamili. Mtu mmoja, mwenye mwili uleule na historia ileile, alikuwa mfungwa Jumatatu na mtu huru Jumanne kwa sababu karani wa ofisi ya Katibu wa Koloni alikuwa amemaliza kunakili.

Na karatasi hizo zilichelewa, zilipotea, zilizuiliwa. Bwana aliyepewa mfungwa wa kumfanyia kazi ndiye aliyeulizwa habari za mwenendo wake, na bwana asiyetaka kupoteza mkono wa bure hakuwa na haraka. Doggrass akificha barua mfukoni, Sydney haikumwona kama kituko cha jukwaani. Walikuwa wakimjua. Kadhalika mjeledi. Mwaka huohuo wa 1832 Bourke alipitisha sheria iliyomzuia hakimu mmoja asiamuru zaidi ya viboko 50, na wenye mashamba wakanung'unika kwamba anawadekeza wahalifu. Watu waliokuwa wakibishana kuhusu idadi ya viboko asubuhi ndio waliokwenda kumtazama William jioni.

Ndiyo maana sioni saini ile kama uzembe wa ofisi. Tamthilia iliyofundisha kwamba wokovu huja kutoka juu, kwa maandishi, kwa tarehe sahihi, ilikuwa inasema kile ambacho serikali ya koloni ingependa kila mfungwa akiamini: tulia, usipigane, subiri karatasi yako. Mfungwa naye alichukua kingine humohumo: kwamba anayeonekana mhalifu mbele ya mahakama anaweza kuwa mtu mwema kuliko mahakama yenyewe.

Tamthilia hiyo ilisafirije? Meli ya matanga ilichukua karibu miezi minne kutoka Uingereza. Kilichopakiwa hakikuwa waigizaji wala mandhari. Kilikuwa kijitabu. Wachapishaji wa London walitoa matoleo ya bei nafuu ya tamthilia kwa ajili ya waigizaji, na ukikifungua kimoja utaona kilivyo mwongozo wa fundi zaidi ya kitabu cha kusoma. Mwanzoni kuna orodha ya mavazi: rangi ya koti la nahodha, suruali ya baharia, shali ya Susan. Kando ya maneno kuna herufi: R ni kulia, L ni kushoto, C ni katikati, na namba zinaonyesha mwigizaji aingilie mlango wa ngapi kutoka mbele. Mtu ambaye hakuwahi kumwona Cooke aliweza kusimama Sydney pale hasa Cooke aliposimama London.

Wachezaji nao waligawanywa kwa mafungu yanayojulikana. Kila kikundi kilikuwa na mwanamume mkuu, mwovu, kijana mpenzi, mchekeshaji, mzee, bibi kizee, msichana mtumishi mwenye ulimi, na wale wa kujaza nafasi. Ukiajiriwa kama mwovu, unacheza waovu wa tamthilia zote za msimu. Hukupewa kitabu kizima. Ulipewa karatasi zilizonakiliwa kwa mkono zenye maneno yako tu, na kabla ya kila fungu, maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzako ili ujue zamu yako imefika. Programu ilibadilika mara kadhaa kwa wiki kwa kuwa mji ulikuwa mdogo na watazamaji walikuwa walewale, hivyo mazoezi yalikuwa haba na kumbukumbu ilitegemea sana mkumbushaji aliyejificha pembeni na kitabu. Magazeti ya Sydney hayakuchoka kulalamika kuhusu waigizaji wasiojua maneno yao.

Mandhari yalikuwa turubai zilizochorwa na kubanwa kwenye fremu, zikisukumwa kutoka kulia na kushoto ndani ya mifereji mpaka zikutane katikati. Nyumba ya Deal inafunguka vipande viwili, nyuma yake kuna bahari, bahari inafunguka, nyuma yake kuna sitaha. Sitaha ndiyo iliyokuwa mtihani. London walikuwa na mafundi na mitambo. Kwenye jukwaa la hoteli, chumba cha mahakama kiliweza kutengenezwa kwa meza, bendera na madirisha ya nyuma ya meli yaliyochorwa, ila mandhari ya mwisho yalidai jukwaa la kunyongea, walinzi, kamba na mabaharia wamejipanga. Hadhira iliyoishi bandarini ilijua kamba inafungwaje, na isingesamehe fundo la uongo.

Taa zilikuwa za mafuta na mishumaa, zimepangwa mbele ya jukwaa chini ya miguu ya waigizaji, zikimulika kidevu kabla ya paji la uso. Moshi wake ulipanda moja kwa moja kati ya mwigizaji na watazamaji. Gesi haikufika Sydney mpaka Mei 1841. Ukumbi wenyewe haukuzimwa taa, kwa hiyo watu walionana, na kuonana huko kulikuwa nusu ya burudani: maofisa na wake zao kwenye vyumba vya pembeni, wafanyabiashara na mafundi chini, na juu kabisa wale wa kiingilio kidogo, wengi wao waliomaliza vifungo vyao, wakirusha maganda na matusi. Mwovu alizomewa mpaka akashindwa kuendelea, na mwovu stadi alijua kusimama, kuwatolea macho, na kusubiri wazomee tena.

Jerrold hakuona senti ya Sydney. Hata London alilipwa chini ya paundi 100 kwa kazi iliyowatajirisha wengine, na mwaka huohuo wa 1832 alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza hali ya waandishi wa tamthilia. Sheria ya kuwapa haki ya malipo ya maonyesho ilipatikana 1833. Levey alikuwa ameitangulia sheria hiyo.

Oktoba 1833 Levey alifungua ukumbi wake wa kweli, Theatre Royal. Alifariki 1837, mwaka uliofuata ukumbi ukafungwa baada ya Joseph Wyatt kujenga mpya aliouita Royal Victoria, na 1840 ule wa zamani ukateketea kwa moto. Leseni ndiyo iliyobaki. Kila tamthilia mpya iliyoandikwa papo hapo, ambayo mkaguzi wa London hakuwahi kuiona, ilipelekwa mezani kwa Katibu wa Koloni. Mwaka 1843 kilinyimwa kibali kichekesho kilichoitwa Life in Sydney, kilichowasema watu wa mjini. Mwaka uliofuata Royal Victoria ilicheza The Currency Lass, iliyopendwa sana, lakini jina la mwandishi halikuweza kutajwa. Edward Geoghegan, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari Dublin, alikuwa mfungwa wa miaka 7 na hakuruhusiwa kuhusika na jukwaa kwa namna yoyote. Ofisi iliyopitisha maneno yake isingeweza kumpitisha yeye.

Msomaji wa Kenya hatashangazwa na mfumo huu, kwa sababu serikali za kikoloni za Kiingereza ziliutumia kwingi na serikali huru zikaukuta umeshawekwa. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilianza kuchezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Oktoba 1977 ikiwa na leseni ya serikali. Novemba leseni ikafutwa, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Tamthilia hiyo haikuwa na Crosstree wa kuingia mbio na karatasi dakika ya mwisho. Wanyonge wake waliambiwa waungane.

Mwaka 1863 London ilitoa melodrama ambayo ungedhani iliandikwa kwa ajili ya makoloni: The Ticket-of-Leave Man ya Tom Taylor. Bob Brierly, kijana mshamba wa Lancashire, anapewa noti bandia bila kujua, anafungwa, anatoka kwa tiketi ya ruhusa na kutafuta kazi. Kila anapopata, kuna anayemtambua na kufichua, naye anafukuzwa. Kwa Sydney na Melbourne ya wakati huo, zilizotajirika kwa dhahabu na kuanza kuona haya kuhusu mababu, hiki kilikuwa kisa cha kutazama kwa uangalifu. Usafirishaji wa wafungwa kwenda Australia Magharibi ulikuwa bado unaendelea, haukukoma mpaka 1868. Mtu aliyekaa karibu nawe ukumbini angeweza kuwa na karatasi kama ya Bob ndani ya sanduku nyumbani, na angekuwa wa mwisho kukuambia. Tamthilia inamsafisha Bob kwa kumfanya azuie wizi katika ofisi ya mwajiri wake wa zamani. Mtindo ni uleule: mwenye kosa la kisheria hana kosa la moyo, na wenye mamlaka wanaligundua hilo wakati ufaao.

Kuna watu ambao melodrama haikuwahi kuwapa dakika hiyo ya mwisho. Ukumbi wa Levey ulisimama juu ya ardhi ya Wagadigal, wenyeji wa asili wa eneo la Sydney. Kwenye tamthilia za Australia za karne ile wenyeji wanaonekana kama watu wa kufuatilia nyayo, vichekesho, au vibaraka wa wahalifu, na kwa kawaida walichezwa na Wazungu waliojipaka masizi. Alfred Dampier alipopandisha Robbery Under Arms jukwaani Melbourne mwaka 1890, akicheza mwenyewe Captain Starlight, jambazi wa porini mwenye adabu za kiungwana, msaidizi wake Warrigal alikuwa wa aina hiyo. Machozi yalitengwa kwa ajili ya Starlight.

Starlight, kwa kweli, ndiye aliyevunja mapatano ya 1832. William alikuwa mtiifu aliyeteleza mara moja. Jambazi wa porini anaiba makundi ya ng'ombe, anasimamisha magari ya farasi, anawacheka polisi, na bado roshani inamshangilia. Hobart ilikuwa imecheza The Bushrangers ya Henry Melville tangu 1834, lakini mwishoni mwa karne ndipo mtindo huu ulipojaza kumbi, ukiwa na farasi wa kweli jukwaani na risasi za baruti. Ned Kelly, jambazi wa porini wa kweli, alinyongwa Melbourne Novemba 1880, na magenge ya aina yake yakawa mali ya waandishi. Mwaka 1906 ndugu wa ukoo wa Tait walitoa filamu kuhusu Kelly ya zaidi ya saa nzima, ikibeba picha na ishara za melodrama karibu bila mabadiliko. Nyingine nyingi zikafuata. Kati ya 1911 na 1912 Australia Kusini, New South Wales na Victoria zilipiga marufuku filamu za majambazi wa porini. Haikujalisha tena kisa kiliishaje, kama mhusika alitubu, alisamehewa au alinyongwa. Ilitosha kwamba alikuwa amepanda farasi, ana bastola, na watu wanamshangilia.